Mafunzo ya uongozi wa mazingira yaletwe mwaloni sio hotelini

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi nitoe la moyoni kuhusu haya mafunzo ya uongozi wa mazingira na maendeleo endelevu ambayo siku hizi hapa Mwanza kila ukigeuka kuna semina.

Mimi naanika dagaa huku Igombe, na kusema ukweli yamenijenga sana ila sio kwa yale ya kwenye makabrasha. Kwamba nyavu za makokoro na timba haziruhusiwi, sangara chini ya sentimita 50 asivuliwe, mifuko ya plastiki marufuku tangu Juni 2019, hayo huku mwaloni samaki wanaposhushwa hata mtoto anakutajia. Kilichonibadilisha ni pale mwezeshaji alipokataa kutuhutubia, akasema kila mtu akaitishe kikao kwao na asihubiri, aulize tu. Mimi ambaye vikao vya BMU (kikundi chetu cha kusimamia uvuvi mwaloni) nakaa nyuma na wamama wenzangu tunanong'ona, ikabidi nisimame.

Nikawauliza, jamani mvua ikikukuta dagaa ziko mchangani inakuwaje? Weee! Kila mtu na lake, mmoja zilimwozea akaziuza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, mwingine mteja alimkatalia gunia zima sababu ya mchanga. Mimi neno chanja, yaani kile kitanda cha kuanikia dagaa juu ya ardhi, sijalitamka, wamelitaja wenyewe, tena wakaanza kubishana miti itoke wapi maana tukikata ya ufukweni tunaharibu mazalia ya samaki, ndo mama mmoja akasema si kuna mbao za mitumbwi iliyokufa na nyavu chakavu zimejaa tele hapa, zitandikwe juu. Mzee mmoja mvuvi akawa anapita, "we binti, siku hizi umekuwa mwenyekiti?" Nikamwambia shikamoo baba, kaa na wewe utusaidie mawazo. Akakaa, na misumari ya kwanza alitoa yeye.

Sasa lawama yangu iko hapa. Mafunzo yanafanyika hotelini mjini, wanaoitwa ni wale wale, mwenyekiti, katibu na jamaa mmoja anayejua kuongea (huyo hakosi posho hata siku moja!), wanarudi na cheti wanatundika ukutani basi imeisha hiyo. Mimi mwenyewe nilienda tu kwa sababu aliyepangwa alipata msiba. Na hakuna anayerudi kuuliza mmefikia wapi, wakati huku ndo wanawake tunaoshika dagaa toka zinashuka mtumbwini mpaka zinapanda fuso.

Wanaoandaa waje huku huku, turubai lipo na chai tutapika sisi. Ila wapange kipindi cha mbalamwezi ambapo mitumbwi ya dagaa inapumzika na watu wapo, siku za giza zisizo na mwezi zikishaingia na taa zikiwashwa ziwani asubuhi yake usitegemee kumpata mama yeyote akae kwenye kiti. Na miezi mitatu baadaye warudi, waje kuangalia vichanja sio kupiga picha.

Mama Dagaa,
Igombe, Ilemela, Mwanza