Rudisheni Lukaya kwenye wasifu wa babu yenu

Wajukuu zangu,

Poleni tena na msiba. Babu yenu mmemzika vizuri. Ila ule wasifu uliosomwa makaburini haukunipendeza, na kwa kuwa arobaini haijafika, bado una nafasi ya kurekebishwa.

Mmesema alikuwa komando, akaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Babu yenu alikuwa mgambo. Aliitwa akiwa shambani, mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameteka ardhi yetu hadi Mto Kagera, na Mwalimu ametangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo.

Alichokuwa akinisimulia tukicheza bao ni mapigano ya Lukaya, huko Uganda, njiani kwenda Kampala. Barabara imepita katikati ya kinamasi cha mafunjo, kulia na kushoto hakuna pa kukanyaga. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakavurumisha makombora. Mengi yalipita juu yakaangukia nyuma, lakini mlio ule vijana wengi wa mgambo walikuwa hawajapata kuusikia. "Tulikimbia," alisema hivyo hivyo tu, huku anasogeza kete. Wengine walijitosa kwenye mafunjo, maji kiunoni. Usiku brigedi nyingine ikazungushwa iwapige kwa ubavuni, na alfajiri waliokimbia wakarudi, yeye akiwemo. Walibya wapatao 200 walikufa pale.

Hilo neno "tulikimbia" ndilo mlilolificha, mkidhani mnamsitiri. Yeye mwenyewe hakulionea haya. Na mtu aliyekimbia jioni akarudi alfajiri, akijua sasa kinachomsubiri, mimi namheshimu kuliko makomando wenu wa kwenye sinema.

Andikeni na mliyoyaona wenyewe. Mkesha wa mwaka mpya fataki zikianza, alikuwa anaingia ndani na kufunga dirisha, nanyi mkimcheka. Na bibi yenu msimruke. Mwalimu alipotuambia tufunge mkanda miezi 18, yeye alikuwa ameshaufunga zamani: mume yuko Uganda, barua haziji, mtoto mgongoni, foleni ya sukari haisogei.

Medali iliyo kwenye kopo la maziwa msiigombanie. Akae nayo bibi. Ile picha ya vijana watano kando ya lori ndiyo ya kuhangaikia. Majina mawili bibi anayakumbuka. Mengine muulizeni yule mzee wa mashine ya kusaga, naye alikuwa huko. Nendeni wiki hii, na muyaandike nyuma ya picha kwa penseli, wino unapenya.

Mmoja wa hao watano amelala Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Babu yenu alitamani sana kwenda kumzuru, kila mwaka nauli ikimshinda. Mnapochanga fedha za arobaini, punguzeni sinia moja la pilau, mmoja wenu apande basi aende.

Ni mimi, babu yenu wa ng'ambo ya barabara.