Mahari au mahali? Kwa nini kadi yako yalala kwetu usiku mmoja

Wateja wetu hapa Lamu hutuuliza sana, mbona nikileta kadi ya harusi asubuhi mwaniambia kesho, si kuprinti tu? Kuprinti ni dakika chache, kinachokula wakati ni kusoma. Juzi imekuja kadi kwa WhatsApp, nzuri, maua pembeni, halafu chini imeandikwa "Mahari: ukumbini, saa kumi alasiri". Simu haikupiga ule mstari mwekundu kwa sababu mahari ni neno, lipo, ila jamaa alitaka kusema mahali, na mambo ya mahari hayawahusu wageni jamani!

Ndo maana mezani kwetu hapakosi Kamusi ya Kiswahili Sanifu, jalada lishabanduka. Tukishuku tu twafungua. "Tharura" ni dharura, kesi imekwisha. Kitenzi twakitafuta kwenye shina lake, yani "andikishwa" waipata kwa andika, usipojua hivo utasema kamusi haina kitu. Sasa kuna pahala kamusi yenyewe yakupa njia mbili, arusi na harusi zote zimo, hapo twachagua moja twaiandika kwenye daftari letu na kadi nzima yafuata hiyo, isiwe arusi juu harusi chini.

Kazi ni Kiamu, lahaja yetu ya hapa Lamu, sisi twaita Amu. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, shauri lilikatwa Mombasa 1928, kwa hivo maneno yetu mengi ukiyatafuta huyaoni, au wayaona na maana nyingine kabisa. Nahodha mmoja alitaka bango la mashindano ya mashua, "Ndooni nyote", yani njooni nyote. Nikamwambia, mzee wangu, mtu wa bara atasoma ndoo ya maji, atajiuliza wote twaingiaje humo. Akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi siiti ndoo, naita watu wa Amu." Na kweli, kamusi haina haki ya kumsahihisha mtu kwao. Bango la ufukoni likabaki ndooni, zile karatasi za kupeleka mahotelini tukaandika njooni.

Ombi letu moja, majina ya watu mtuandikie wenyewe vile yalivyo kwenye kitambulisho, msitume kwa sauti, maana Mwanaisha na Mwana Esha hakuna kamusi ya kutuamulia, na bibi harusi akikosewa jina hatuambiwi sisi peke yetu, waambiwa mtaa mzima.