Barua ya wazi kwa mdogo wangu: toka kwanza kwenye kununua kwa kupima

Mdogo wangu, mwangaluka, yaani habari za asubuhi.

Uliniuliza kwenye simu, dada unawezaje, mshahara wako naujua ni wa kawaida, watoto wanasoma, na bado una kaakiba na bado unaandika, mi kila mwezi naanza na moto ikifika tarehe 10 umezima, hiyo hamasa unaitoa wapi? Sikukujibu vizuri maana salio lilikuwa linakata, afu nikaona swali lenyewe sio lako peke yako, vijana wengi hapa Mwanza waliopanga chumba huko Nyakato, Buzuruga, Mkolani mpaka Buhongwa, kazi wameanza juzi tu, wana swali hilo hilo. Ndo maana nakuandikia hapa waziwazi. Jina lako nimeliacha, usiwe na wasiwasi.

Mi naona hamasa tumeipa cheo ambacho haikistahili. Mtu anaamka anafungulia klipu za motivesheni, anaambiwa maskini ni maskini kwa sababu hana nidhamu ya pesa, anaambiwa kila mshahara ukitoka kata asilimia 10 weka pembeni, anajisikia moto kweli, jioni anarudi ghetto anakuta mkaa umeisha, mafuta yameisha, umeme unasoma uniti mbili. Hayo maneno ya nidhamu yananiuma kusema ukweli, maana mama anayenunua mafuta ya kula ya kupima kila siku pale dukani kwa Mangi ana nidhamu kubwa sana, anajua bei ya kila kitu mpaka shilingi 50, anajua duka gani kipimo chake kinajaa na duka gani wanapunja. Shida yake sio nidhamu. Shida yake ni kwamba anauziwa kila kitu kwa bei ya juu kuliko mwenye nazo, kwa sababu hana hela ya kununua kingi kwa mkupuo.

Tupige hesabu kidogo, nakupa mfano tu, bei utaweka za kwenu. Tuseme dumu la lita 5 ni elfu 25, hiyo lita moja ni 5,000. Wewe unapima ya 500 kila siku, na tuseme kile kipimo ni mililita 80. Ukipiga hesabu lita yako wewe inakuja 6,250. Kwa mwezi umetoa elfu 15 kwa mafuta ambayo ukiyatoa kwenye dumu yangekuwa ya elfu 12. Elfu 3 imeenda, na hujala hata kijiko cha ziada. Haya, fanya hivyo hivyo kwa mkaa wa kopo, sukari ya robo, sabuni ya unga ya pakiti ndogo, bando la siku, maji ya dumu moja moja. Utakuta akiba unayoitafuta kila mwezi unayo tayari, ila inaliwa kidogo kidogo kwenye kupima.

Kwa hiyo neno langu kubwa kwako ndo hilo, akiba ya kwanza usiiwekee kiwanja wala laptop wala pikipiki, iwekee kazi ya kukutoa kwenye kupima. Tena sio vitu vyote kwa pamoja, utashindwa. Chagua kimoja. Anza na mafuta kwa mfano, weka kibubu cha dumu tu, siku likinunuliwa ile hela uliyokuwa unapeleka dukani kila jioni usiiache ikatembea, iende kwenye kibubu cha kitu cha pili, labda kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6, ukishatoka kwenye mkaa wa kopo nenda kwenye sukari, na kuendelea. Hapo huhitaji hamasa ya mtu yeyote maana kila kitu unachotoa kwenye kupima kinakuchangia hela ya kitu kinachofuata.

Kuna wanaosema dumu linaisha haraka, ukinunua kingi mkono unakuwa mzito, na wako sahihi. Dawa yake ni kwamba kipimo kibaki jikoni kwako. Chukua chupa ndogo ya maji, mimina mafuta ya wiki, dumu funga weka chini ya kitanda, hiyo chupa ikiisha Alhamisi basi mpaka Jumapili ni michemsho, na michemsho ya sato au ya mapanki, ile mifupa ya sangara, na ndimu na pilipili sio adhabu kwa mtu wa kanda ya ziwa.

Umeme nao. Wateja wadogo wa majumbani walio kwenye lile kundi la D1 wanalipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, ukivuka hapo kila uniti ya juu inakuwa 350, hapo bado kodi. Sasa nyumba yenu ina vyumba vingi na mita moja, uniti 75 mnazimaliza mapema tu, mnachangiana sawa kwa sawa wakati mwingine ana friji na mwingine ana taa moja na simu. Kaeni kikao mkubaliane kwa vifaa, mwenye friji aongeze. Kama mwenye nyumba atakubali mtu kufunga mita yake, fungeni. Na pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima ni uniti moja imeondoka, kwa hiyo nguo nyoosha zote Jumapili, hii ya kuwasha pasi kila asubuhi kwa shati moja inakula umeme kwenye kupasha moto tu.

Na usidanganywe na chumba cha bei rahisi. Kule juu mlimani kwenye mawe, Mabatini au Igogo, kodi inavutia na ziwa lote unaliona, ila uliza kwanza maji yanapandaje. Kama ni ya kubebewa, kila dumu lina bei ya maji na bei ya mgongo wa aliyelipandisha, gesi hivyo hivyo, mpaka godoro siku ya kuhama. Jumlisha vyote ndo ulinganishe na chumba cha bondeni.

Sasa dagaa, hapa naomba unisome vizuri maana ndo mboga yetu na watu wengi wa mjini wananunua ovyo. Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa, wavuvi wanawasha taa juu ya maji dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, ziwa zima limeangaza, dagaa hawakusanyiki, ndo maana siku za mbalamwezi mitumbwi mingi inapumzika. Likirudi giza wavuvi wanaingia tena ziwani. Maana yake nini kwako? Ni kwamba usinunue siku mboga imekuishia, nunua giza likiwa limekolea na mzigo unashuka kwa wingi pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapo ndo unaweza kuongea bei, nunua ndoo au angalau sado mbili uvushe nazo mbalamwezi. Halafu angalia na mvua, kipindi cha masika dagaa wengi hawakauki vizuri, wanaoharibika wanaishia kwenye chakula cha kuku, usije ukauziwa hao kwa jina la bei poa.

Namna ya kuchagua, chukua wachache kiganjani wapeleke kwenye mwanga. Wazuri wanang'aa kama bati jipya, hawajakatika katikati, ukimvunja mmoja anatoa kale kasauti ka ukavu. Wakiwa na rangi ya njano njano na wamelegea, hao walinyeshewa. Kisha wasugue kidogo uangalie kiganja chenyewe, ukikuta mchanga jua walianikwa chini, hao wa kwenye chanja au kwenye nyavu wana bei zaidi kidogo ila unachonunua ni dagaa mtupu, wale wa chini unalipia na mchanga, unatumia na maji ya kuwaosha mara tatu, maji ambayo nayo umenunua. Ukifika nyumbani waanike tena jua la saa chache, acha wapoe kabisa, ndo wafunge kwenye ndoo kavu yenye mfuniko.

Bibi yetu Sengerema hakuwahi kusikiliza motivesheni yeyote na kiangazi hakikumkuta mikono mitupu hata siku moja. Viazi vikivunwa anakata vingine vibichi anaanika, hiyo ni michembe, vingine anachemsha kwanza ndo anakata anaanika, hayo matobolwa. Majani ya kunde yanakaushwa, hiyo ndo nsansa. Alikuwa anafanya hivyo wakati chakula kimejaa, wakati hakuna anayehisi njaa, hapo ndo penyewe mdogo wangu, akiba inawekwa siku ambayo huihitaji. Na sa hivi hatuna kisingizio, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 mzigo kutoka Sengerema hausubiri tena kivuko, nyumbani wakikutumia kiroba cha michembe unakipokea. Wapelekee na wewe sukari na sabuni, usiwe wa kupokea tu.

Kama unataka kitu cha kukusukuma siku ambazo roho haitaki, ingia kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba, ila cha watu unaowajua. Mi cha kwetu nakipenda kwa sababu hakiniulizi najisikiaje. Siku ya kikao ikifika hisa inatakiwa, ukichelewa faini, mfuko wa jamii unatoa, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, mwisho wa mzunguko tunavunja kila mtu anaondoka na chake. Akina mama wale wakikuangalia usoni na hujaleta hisa, hamasa inakuja yenyewe. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, iache kabisa, na ile ya kwenye simu angalia sana, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, na hizo ndo zile zinazopigia simu kila mtu aliye kwenye majina ya simu yako, hadi bosi. Mtu akikopa huko kununua mafuta ya kupima amepunjwa mara mbili.

Nilikwambia nunua daftari, ukacheka. Nunua. La kaunta kubwa, la mistari. Kwa mbele andika kila shilingi inayotoka, jioni, kabla hujalala, usiandike "matumizi 4,000", andika nyanya 500, bodaboda 1,500, soda 800. Hiyo soda ukiiona imejirudia ukurasa mzima hutahitaji mtu wa kukukataza. Kwa nyuma ya daftari hilo hilo ndo uandike hayo mambo yako unayosema yamekujaa kichwani. Usiniambie tena kwamba huandiki mpaka upate laptop. Ukishashika kalamu kwa ajili ya hesabu mkono umeshaanza kuandika, geuza daftari endelea, mistari mitano tu. Siku nyingi utaanza hujisikii, hamu itakukuta katikati ya mstari wa tatu hivi, mi ndo inavyonikuta, sijawahi kuipata nikiwa nimekaa naisubiri.

Na hapa ziwani tuna mfano wetu wenyewe. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha. Akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kazi ya miaka, ikachapishwa 1980, yeye akafariki 1981. Huyo mzee moto wa hamasa ungemfikisha wapi, miaka 35? Alikuwa na kazi anayoona lazima ifanyike, watu wake walikuwa wanasahau maisha ya zamani na yeye aliyajua, basi akaandika. Kila nikipita Kirumba nikaona meli ya Ukerewe inaondoka huwa namkumbuka.

Mwisho, kuna mahali usibane. Usibane hospitali, usingojee homa ikuzidi kwa sababu unaogopa gharama ya kipimo cha malaria. Usibane mchango wa msiba wa jirani hata kama ni 1,000, siku yako ikifika utawahitaji hao hao. Mgeni akikukuta unakula sogea mle wote, hata kama ni ugali wa muhogo na dagaa. Na mpigie mama mdogo, dakika unazo, ananiuliza wewe kila tukionana na mi nimechoka kukutetea. Mtu anayebana hizo sehemu simwiti mwenye akiba, huyo ni bahili na mi sitaki uwe hivyo.

Jumamosi hii giza litakuwa limekolea, nakwenda Mwaloni asubuhi mapema. Njoo nikuchagulie, beba ndoo yako yenye mfuniko na hela ya dagaa tu, nauli ya kurudi nitakupa.

Dada yako.