Mashine ya barafu ya jokofu isitupwe kabla maji hayajapimwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili tuzungumze na wenye majokofu yanayotengeneza barafu yenyewe. Barafu ikikoma, wengi huambiwa papo hapo kwamba mashine imekufa na inunuliwe nyingine. Ushauri huo unawatia watu hasara isiyo ya lazima, na sisi mafundi wa majokofu tumechoka kuusikia. Mara nyingi mashine ni nzima. Kinachokosekana ni maji au ubaridi, na mashine mpya ikifungwa pale pale itagoma kama ile ya kwanza.

Kwanza ijulikane mashine hiyo hufanya nini. Nyuma ya jokofu, kwa chini, kuna vali ya maji inayofunguliwa kwa umeme. Ikifunguka, maji hupanda kwenye kijibomba chembamba hadi friza na kumwagika ndani ya kalibu. Katika aina iliyoenea zaidi, yenye kalibu ya chuma, vali hukaa wazi kwa sekunde 7.5 hivi na kupitisha karibu mililita 140, ambazo ni vipande 8 vya barafu. Themostati iliyogusana na kalibu husubiri hadi kalibu ipoe kufikia nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Hapo mota huanza kuzungusha vidole, hita iliyo chini ya kalibu huwaka ili barafu iachie, vidole huisukuma nje, na vali hufunguka tena. Zile zenye trei ya plastiki hazina hita hiyo: mota huisokota trei kama mtu anayekamua nguo, na vipande hudondoka. Mzunguko mmoja huchukua dakika 90 hadi saa 3, kwa hiyo mashine isiyo na kasoro hutoa kilo 1.3 hadi 1.8 kwa siku nzima. Anayetaka zaidi ya hapo hana mashine mbovu, ana mashine ndogo. Na jokofu jipya lipewe saa 24 kabla ya kulaumiwa.

Uchunguzi uanze na ubaridi, kwa sababu kuupima ni rahisi. Weka kipimajoto katikati ya pakiti zilizoganda, kilale humo usiku mzima. Friza inatakiwa isome nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikisoma 12, vyakula vitabaki vigumu na mwenye nyumba hataona tatizo lolote, lakini kalibu itachukua muda mrefu mno kufikia nyuzi zake 9, na barafu itapungua siku hadi siku mpaka ikome. Watu wengi hunaswa hapa: friza inagandisha kila kitu, basi wanaamini haina kosa.

Friza ikiwa na joto kuliko inavyopaswa, bana karatasi kwenye mlango halafu ivute. Ikichomoka bila kukazana, mpira wa mlango umechoka au umeshika uchafu. Angalia kama mizigo imeziba matundu ya hewa. Chomoa plagi, kisha fyonza au piga brashi vumbi kwenye koili za kondensa, yaani mabomba yanayotoa joto nje, nyuma au chini ya jokofu. Ukikuta ukuta wa ndani wa friza umevaa theluji nene, ujue mfumo wa kuyeyusha theluji umeshindwa kazi au mlango umekuwa ukiachwa wazi. Hapo mashine ya barafu haihusiki hata kidogo.

Jambo jingine dogo ni swichi. Mashine nyingi zina mkono wa waya unaoning'inia juu ya chombo cha barafu. Mkono ukiwa juu mashine imezimwa. Ukiwa chini inafanya kazi. Kipande kimoja kilichokwama chini yake, au pakiti iliyousukuma, vinatosha kusimamisha kila kitu. Mashine zisizo na mkono hutumia sensa za mwanga pande mbili za chombo, na ukungu ulioganda juu ya sensa huidanganya mashine kwamba chombo kimejaa. Zifute kwa kitambaa laini kikavu, uhakikishe pia chombo kimesukumwa hadi mwisho.

Sasa maji, na hapa tunaomba msomaji asiharakishe.

Vali nyingi za majokofu zimetengenezwa kwa msukumo wa psi 20 hadi 120, yaani bari 1.4 hadi 8.3. Asiye na kipimo cha msukumo anaweza kutumia ndoo. Mililita 140 kwa sekunde 7.5 ni karibu lita 1.1 kwa dakika. Funga koki inayolisha jokofu, chomoa plagi, vuta jokofu mbele, fungua kwa spana mpira wa maji unaoingia kwenye vali, elekeza mdomo wake ndani ya ndoo, kisha fungua koki kwa dakika moja kamili. Kwa sababu vali yenyewe ina kizuizi cha kupunguza mkondo, bomba linalofaa hutoa zaidi ya lita hiyo bila taabu. Ikiwa dakika imekwisha na hata lita moja haijatimia, acha kuisumbua mashine. Tatizo liko kati ya koki na jokofu.

Mara nyingi chanzo ni koki ya kutoboa, ile inayobanwa juu ya bomba na kulitoboa kwa sindano. Tundu lake ni dogo tangu mwanzo, na chokaa hulijaza taratibu. Kuigeuza huku na huku kunaweza kurudisha maji kwa muda, lakini dawa yake ni kuitoa na kufunga koki ya kawaida yenye kiungo chake. Chanzo kingine ni mpira uliojikunja jokofu liliposukumwa ukutani. Acha nafasi nyuma, na mpira wa ziada uuzungushe kwa duara pana.

Kisha kuna filta. Watengenezaji wengi huagiza ibadilishwe kila miezi 6, na pale maji yanapokuwa na mchanga au kutu huziba mapema zaidi. Kwenye baadhi ya majokofu maji hupita hata filta ikitolewa. Mengine huhitaji kofia maalumu badala yake. Toa filta, weka kofia ikiwa inahitajika, ngoja mizunguko miwili au mitatu. Vipande vikirudi ukubwa wake, mgonjwa umemjua. Wenye mtambo wa kusafisha maji kwa utando wajue kwamba mtambo huo hupunguza msukumo: wenyewe kwa kawaida huhitaji psi 40 hadi 60 zinazoingia, na tangi lake likiisha jokofu hupata maji hafifu hadi lijae tena. Wakiwa nao, filta ya ndani ya jokofu haina kazi kubwa, na kuiondoa kwa utaratibu huo huo husaidia.

Msukumo hafifu una madhara mengine ambayo watu wengi hawayaunganishi nao. Ndani ya vali kuna kiwambo cha mpira. Umeme ukikatika kwenye vali, msukumo wa maji yenyewe ndio unaokikandamiza kiwambo kwenye kiti chake na kuziba. Msukumo ukiwa mdogo, kiwambo hakikai barabara, na matone huendelea kupenya. Tone moja baada ya jingine huganda kwenye mdomo wa kijibomba ndani ya friza, mpaka kijibomba kinaziba kabisa. Mwenye jokofu hukiyeyusha, barafu hurudi kwa siku chache, kisha hukoma tena. Kijibomba kilichoganda mara ya pili ni ishara kwamba vali inavuja. Pima msukumo kwanza. Ukiwa mzuri, vali ndiyo iliyochoka au imeshika punje ya mchanga, basi ibadilishwe. Ukiwa mdogo, hata vali mpya itavuja vile vile.

Uvujaji unathibitishwa hivi: inua mkono wa mashine ili izimwe, weka kikombe chini ya mdomo wa kijibomba, subiri saa moja. Kikombe kinatakiwa kibaki kikavu. Kukiwa na maji, chomoa plagi ya jokofu na urudie. Maji yakiendelea kutoka hata bila umeme, vali haizibi. Yakikoma, vali ni nzima na kuna kitu kinachoipelekea umeme bila sababu, ama mashine ya barafu ama saketi ya jokofu. Jaribio hilo halihitaji kifaa chochote, na linatenganisha vipuri viwili ambavyo watu hununua kwa kubahatisha.

Kuyeyusha kijibomba kwenyewe kufanywe kwa upole. Chomoa plagi, tumia mashine ya kukaushia nywele kwa joto la chini huku ukiisogezasogeza, au kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu. Usichokonoe kwa kisu wala bisibisi. Maji yanayochemka nayo hupasua plastiki iliyo baridi. Maji yanayoyeyuka yakingwe, na mashine ya kukaushia nywele isikaribie yalipotuama.

Umbo la barafu nalo lina mengi ya kusema. Vipande vidogo au vyembamba humaanisha maji hayatoshi. Vipande vyenye uwazi katikati humaanisha vimetolewa kabla havijaganda hadi ndani, na mara nyingi hilo nalo hutokana na maji machache, kwani kalibu hupoa upesi na kuidanganya themostati. Vikubwa upande mmoja na vidogo upande mwingine: jokofu limelala kushoto au kulia, lipimwe kwa pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, na miguu irekebishwe. Bonge moja la barafu kwenye chombo, pamoja na maji yaliyoganda pembeni, humaanisha kalibu inajazwa kupita kiasi au vali inavuja. Lakini vipande vilivyoshikana bila dalili nyingine mara nyingi vimekaa tu muda mrefu, au umeme ulikatika vikayeyuka na kuganda upya. Weupe katikati ya kipande ni hewa na madini yaliyomo kwenye maji, si ugonjwa.

Baada ya hayo yote, ndipo umeme wa vali upimwe. Plagi ikiwa imechomolewa, vua nyaya za vali na pima koili yake, yaani waya uliozungushwa unaoifungua, kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Nyingi husoma kati ya ohm 200 na 500. Isiposoma chochote, koili imekatika na vali ibadilishwe. Kupima volti wakati jokofu limewashwa, au kuunganisha waya wa kuruka kwenye mashine ili kuilazimisha izunguke, tunasihi aachiwe fundi. Umeme wa ukutani na sakafu yenye maji havina msamaha.

Ikiwa friza ina nyuzi 18 chini ya sifuri, ndoo imejaa inavyotakiwa, kijibomba ki wazi, mkono uko chini na koili ya vali inasoma, sasa mashine yenyewe ina haki ya kushukiwa. Zingine zina kitufe cha kujaribu. Toa chombo, weka taulo au bakuli pana chini yake, bonyeza na kushikilia kitufe kama kitabu cha maelekezo kinavyosema, usikilize. Mota ikizunguka na maji yakaingia, mashine ina uhai. Ikiwa kimya kabisa, mota, saketi yake au themostati imekufa. Ikinguruma bila vidole kusogea, gia zimeliwa au kipande kimekwama. Vidole vikisimama katikati ya safari, pasha kalibu joto kidogo hadi barafu iachie. Usivisukume kwa mkono, maana gia zake ni za plastiki na meno yake hukatika haraka. Kuna watu waliovunja mashine nzima kwa kuilazimisha imalize mzunguko.

Barafu inayong'ang'ania kalibu kila mara huenda imeshikwa na chokaa. Mashine ikiwa imechomolewa na barafu imeyeyuka, pangusa kalibu kwa kitambaa chenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, halafu futa kwa maji safi. Usikwangue kwa chuma, kwa sababu utatoboa ngozi ya juu ya kalibu na barafu itashika zaidi. Harufu au ladha mbaya huondoka kwa kumwaga barafu ya zamani, kuosha chombo kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi ya kuokea, na kubadilisha filta.

Mashine ikithibitika kufa, kipuri kinunuliwe kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko ndani ya jokofu, si kwa kulinganisha sura, kwani mbili zinazofanana huweza kuwa na plagi tofauti au volti tofauti. Kabla ya kufungua ya zamani piga picha ya nyaya zake. Ukishafunga mpya, barafu ya saa 24 za mwanzo imwagwe, na hakikisha hakuna unyevu nyuma ya jokofu kabla ya kulirudisha ukutani.

Ni sisi,
Mafundi wa majokofu