Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha picha,

Mwaka jana nilisimama hapa nikalalamika kwamba tumezidi kupiga picha za machweo ya Naivasha. Mwaka huu sina lalamiko hilo.

Mwezi Juni vijana walijaa katikati ya Nairobi kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi. Sisi walimu, makarani na wastaafu wenye kamera za mitumba tukawafuata Moi Avenue na Kenyatta Avenue, tarehe 18, tarehe 20, kisha 25. Siku hiyo ya mwisho, waandamanaji walipoingia Bunge na risasi zikaanza kulia, niliwaandikia nyote mrudi nyumbani. Wengine mlijifanya simu zimezimika. Tulirudi wote wazima, Mungu ashukuriwe, ila nasema tena: hatulipwi, hatuna bima, na hakuna aliyetutuma.

Picha bora ya mwaka ilitoka huko. Binti ana bendera mabegani na filimbi ingali mdomoni, anamwagia maji machoni kijana aliyepigwa na vitoa machozi. Chupa imebaki robo. Nyuso zote mbili zinaonekana wazi, na ndiyo sababu hamkuiona kwenye maonyesho yetu ya Novemba.

Najua wapo walionuna. Mmoja aliniuliza: mtu aliyetoka barabarani mchana kweupe anafichwa nini, na Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa haki ya kuandamana? Kweli kinampa. Lakini waliokuwa wakiwateka vijana majumbani usiku baada ya maandamano hawakuja na Katiba mkononi. Kamati imeamua kwamba uso unaotambulika hautoki nje ya chama bila ridhaa ya mwenyewe. Na kabla ya kumtumia mtu picha, futeni taarifa za saa na mahali zinazojificha ndani ya faili. Kuficha uso, ufunikeni kabisa. Kuutia ukungu mwepesi hakufichi kitu, na hata shati na viatu vinaweza kumtaja mtu.

Agosti tulikwenda jangwa la Chalbi, kaskazini mwa nchi. Hadi Marsabit ni lami tupu, raha mustarehe; baada ya hapo kila mtu alijua ana mifupa mingapi. Karibu na Kalacha gari moja liliacha njia likifuata mazigazi (dereva anajijua). Ukoko wa chumvi ulipasuka, magurudumu yakazama kwenye tope lililokuwa chini yake. Wafugaji wa Kigabra ndio waliotuchimbua, kwa muda wa saa tatu juani, na walichokubali ni majani ya chai na sukari.

Kesho yake tulifika kisimani ngamia wakinywa, kamera zote juu. Mzee mmoja akainua fimbo, akauliza kwa Kiswahili: “Hizi picha mnazipeleka wapi?” Tukatazamana. Alipokwisha kutusikiliza, akaruhusu ngamia, akakataa wanawake na watoto. Tulitii papo hapo, hata yule mwenzetu mbishi. Nililala nikilifikiria swali lile, kwa sababu kule Moi Avenue hakuna aliyetuuliza, wala sisi hatukumwuliza mtu. Uamuzi wa kamati nilioutaja ulizaliwa pale.

Kwa watakaokwenda mara nyingine: msibadilishe lenzi nje ya gari. Upepo wa pande zile ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani. Kamera yako hauionei huruma. Vumbi liliingia ndani ya yangu, na nusu ya picha zangu zina madoa angani, mahali pamoja pale pale. Mchana jangwa halina kivuli wala umbo. Amkeni saa kumi na moja alfajiri au laleni tu.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ada zimechelewa kama kawaida, na aliyeazima tripodi ya chama mwezi Machi tunamsubiri.

Ile picha ya binti imechapwa nakala moja, iko kabatini. Tunamtafuta tangu Juni. Anayemfahamu amwambie aje aione. Akikubali, tutaitundika pale mlangoni.

Mwenyekiti