Mvinyo wa Meza ya Pwani: Anza na Rojo

Lalamiko linalotufikia dukani kuliko mengine ni la mteja aliyenunua chupa ya bei, akaifungua mbele ya wageni wake, na mvinyo ukawa mchungu mdomoni. Samaki alikuwa mzuri. Mpishi hakukosea. Chupa yenyewe ilikuwa nzima. Tukiuliza mezani kulikuwa na nini, tunajibiwa, "Samaki." Tukiuliza samaki wa namna gani ndipo jambo linapojitokeza: wa kupaka, pilipili ya kutosha, na chupa yenyewe ni nyekundu nzito ya kaskazini mwa Italia iliyoshinda juu ya kabati tangu asubuhi.

Tatizo hili ni la mji wetu hasa. Waitaliano wako Malindi tangu miaka ya mradi wa San Marco pale Ngomeni, ambako setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa la baharini Aprili 1967. Wakaja na mikahawa yao, tambi zao, aiskrimu zao, na chupa zao. Leo ni rahisi kupata mvinyo mzuri wa Italia hapa kuliko katika miji mingi iliyo mikubwa kuliko wetu. Lakini jiko la Malindi limebaki lile lile: tui, ukwaju, ndimu, bizari, pilipili. Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu mvinyo na chakula ulitolewa na watu ambao hawakuwa na tui mezani, na ndiyo maana mteja anayeufuata neno kwa neno huishia kutulalamikia.

Ushauri wetu ni kwamba utazame rojo kabla ya kumtazama samaki. Changu aliyechomwa kwa chumvi na ndimu na changu aliyepakwa tui zito la ukwaju ni vyakula viwili tofauti kabisa mbele ya glasi, ingawa samaki ni mmoja.

Pilipili ndiyo inayoharibu hesabu za wengi. Pombe huchochea mwako wake, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 14 au 15 unakuongezea moto uliokwisha kuwashwa na mpishi. Tanini, ile hali ya kukaza ulimi na ufizi inayotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, hugeuka ukali mtupu ikikutana na pilipili. Sukari kidogo huupoza moto huo, na ubaridi husaidia. Tui nalo lina mafuta, na mafuta huhitaji uchachu wa kuyakata. Ukwaju na ndimu zina uchachu wao wenyewe, hivyo mvinyo usio na uchachu wa kutosha ukiwekwa kando yake huonekana umepooza, kama uliotiwa maji. Basi kwa meza ya nazi na ukwaju unatafuta uchachu mwingi, pombe ya wastani au chini, tanini kidogo au hakuna, na pale pilipili inapozidi, chembe ya utamu.

Kwa samaki wa kupaka na kuku wa kupaka, chaguo letu la kwanza ni Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa Afrika Kusini. Zabibu hii asili yake ni bonde la mto Loire huko Ufaransa, lakini Afrika Kusini ndiyo inayoilima kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani. Watu wa Cape, huko huko Afrika Kusini, wametengeneza mvinyo tangu Februari 1659, wakati Jan van Riebeeck, kamanda wa Waholanzi pale, alipoandika kuwa zabibu zao zimekamuliwa kwa mara ya kwanza. Chenin ina uchachu wa kusimama na ukwaju, na ina unono kidogo unaoelewana na tui, pamoja na harufu inayokaribia tufaha na asali. Chagua ile ambayo haikukaa kwenye pipa la mwaloni. Ladha ya mwaloni juu ya tui ni nzito juu ya nzito, na baada ya tonge la tatu mlaji huchoka.

Mpishi wako akiwa ni yule asiyesamehe kwa pilipili, ruka hadi Ujerumani. Riesling, nyeupe ya bonde la Mosel, hasa iliyoandikwa Kabinett, mara nyingi huwa na pombe ya asilimia 8 au 9 tu, uchachu mkali, na utamu kiasi. Mizabibu yake imepandwa kwenye miteremko mikali ya mawe ya sleti juu ya mto, mahali ambapo mashine haifiki na kazi hufanywa kwa mikono. Wateja wengi huisukuma pembeni wakisikia ina utamu, wakidhani ni kinywaji cha kitindamlo. Tunaisisitiza kwa moyo wote: iweke kando ya kamba wa masala au kaa wa pilipili kutoka Mida, na utamu ule hutauona tena. Pilipili inaumeza, unabaki uchachu na harufu ya matunda.

Kwa samaki aliyechomwa au kukaangwa bila rojo, mambo ni mepesi zaidi na hapa Italia inatamba kwa nyeupe zake. Vermentino ya Gallura, kaskazini mashariki mwa Sardinia, hukua kwenye udongo wa matale karibu na bahari, na ladha yake ina ukingo wa chumvi na uchungu mdogo mwishoni kama wa lozi. Tafi wa kuchoma, ndimu, kachumbari, basi. Verdicchio ya mkoa wa Marche tunaiuza kwa wanaopika mchuzi wa samaki wa nyanya usio na nazi, kwa sababu kwao huko Ancona watu huinywa na brodetto, mchuzi wa samaki mchanganyiko ambao mpishi wa Malindi angeutambua mara moja. Vinho Verde ya kaskazini magharibi mwa Ureno, nchi ya wale waliotuachia nguzo ya Vasco da Gama, ni nyepesi, ya bei nafuu, mara nyingi ina gesi kidogo, na inafaa ngisi wa kukaanga na bajia za alasiri.

Sasa nyekundu na samaki, suala linaloulizwa kila wiki. Kuna sababu ya kweli nyuma ya tahadhari ile ya zamani. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kuwa madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo ndiyo yanayoamsha ladha ya shombo mtu anapokula viumbe vya baharini; kadiri chuma kinavyozidi, shombo huzidi. Mivinyo myekundu mara nyingi ina chuma zaidi, lakini si yote, na ndiyo sababu wengine wamewahi kunywa nyekundu na samaki bila tatizo lolote. Tanini huongeza taabu yake juu ya hilo. Barolo, kwa mfano, hutengenezwa kwa zabibu ya Nebbiolo ambayo tanini yake ni kali kiasi kwamba sheria inataka mvinyo ukae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa. Ni mvinyo mkubwa, tunauheshimu, na tunamwomba mteja aununue kwa ajili ya nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole, jioni ya baridi. Ukiuchukua kwa kamba, muuzaji wetu atakuzuia kwa upole.

Ila kwa jodari tuna ubaguzi mmoja tunaoupenda sana. Nyama yake ni nyekundu na nono, na akichomwa juu juu, ndani akabaki laini, anabeba mvinyo mwekundu mwepesi. Etna Rosso ya Sicily, kutoka zabibu ya Nerello Mascalese inayolimwa kwenye miteremko ya volkano, inafaa hapo, ikiwa imepozwa. Wasicily ni wavuvi wa jodari wa karne nyingi. Hawakusubiri ruhusa ya mtu.

Pilau tunaizungumza peke yake kwa sababu tatizo lake si moto, ni manukato. Bizari nzima, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga: mvinyo usio na harufu yake mwenyewe hupotea humo. Gewürztraminer, nyeupe ya Alsace, Ufaransa, ina harufu ya waridi na viungo inayosimama sawa na iliki. Uchachu wake ni mdogo, kwa hiyo usiipeleke kwenye ukwaju, lakini pilau ya kuku na kachumbari isiyo na ndimu nyingi huifurahia. Tukio ambalo limewageuza wateja wetu wengi ni biriani ya mbuzi na Lambrusco. Huu ni mvinyo mwekundu wenye mapovu kutoka Emilia, sehemu za Modena na Reggio, unaonywewa baridi. Kwao hunywewa pamoja na nyama ya nguruwe yenye mafuta. Kwetu unakata samli ya biriani na kuufuta ulimi tayari kwa tonge jingine. Tafuta ulioandikwa "secco" ukitaka usio na sukari, "amabile" kama masala ni makali. Mishkaki pia inaupenda. Wengine huchukua Pinotage, zabibu iliyozaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 profesa Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsault, na moshi wa mkaa unaelewana nayo vizuri.

Msimu nao unabadilisha maagizo. Kusi ikivuma bahari huchafuka, madau hayatoki kila siku, samaki hupungua sokoni na kitoweo kinageuka nyama. Hapo ndipo nyekundu zetu huondoka. Kaskazi ikirudi na joto lake, nyeupe hutawala hadi Machi.

Vitamu kwa ufupi: mvinyo lazima uwe mtamu kuliko chakula, la sivyo unageuka siki mdomoni. Moscato d'Asti, yenye pombe ya takriban asilimia 5 tu, inafaa mkate wa sinia na embe mbivu. Mvinyo mtamu wa Dodoma, ambako hali ya hewa huruhusu mavuno mawili kwa mwaka, tunaupoza na kuuandalia visheti na tende, na tunafurahi kuuza kitu cha jirani yetu. Halua hatuifanyii majaribio. Halua ina kahawa chungu, na wawili hao hawahitaji mwenzao.

Yote haya hayana maana chupa ikiwa na joto. Ukisoma kwamba mvinyo mwekundu unywewe "kwa joto la chumba", chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Malindi mwezi wa Februari kinapita 30. Kwa kiwango hicho pombe hupanda puani, tunda linapotea, na mvinyo wa heshima unaonja kama dawa. Nyekundu iingize friji dakika 30 kabla ya kuiandaa. Nyeupe na za mapovu ziwe nyuzi 8 hadi 10. Wageni wakikujia ghafla, usiweke chupa kwenye friza ukaisahau. Ndoo, barafu, maji ya kufunika chupa hadi shingoni, na konzi mbili za chumvi ya Gongoni: kwa dakika 20 hivi iko tayari. Maji ndiyo yanayofanya kazi, kwa sababu barafu bila maji huigusa chupa kwa ncha tu, na chumvi hushusha joto la maji hayo chini ya sifuri.

Kuhifadhi ni vivyo hivyo. Chupa iliyoachwa ndani ya gari juani hupikwa, na ukiona kizibo kimesukumwa juu kidogo au mvinyo umetiririka chini ya karatasi ya shingo, hiyo ni dalili ya joto. Irudishe kwa aliyekuuzia. Chupa za kioo kisicho na rangi zikae gizani, kwani mwanga peke yake huharibu ladha ndani ya muda mfupi. Kama huna mahali pa baridi, nunua unachokunywa wiki hiyo. Hatupati hasara kukwambia hivyo.

Jambo la mwisho ni meza ya mchanganyiko. Malindi ni mji ambao Waislamu ni wengi, na karamu nyingi hapa huwakalisha pamoja anayekunywa na asiyekunywa. Tunawaomba wapishi wa nyumba za wageni wasitie mvinyo kwenye rojo la sahani ya wote, hata kama utachemka. Mgeni ana haki ya kujua anachokula. Glasi ya asiyekunywa pia isiwe ya soda tu kwa kukosa fikira. Sharubati ya mabungo ina uchachu wa kukata tui sawasawa na Chenin, na maji ya ukwaju yenye tangawizi yanasimama vizuri mbele ya biriani. Tunaziandaa zote mbili kwa oda.

Ukituagiza, usitutajie rangi ya mvinyo kwanza. Tuandikie chakula, kama kina nazi, kama kina pilipili na kiasi gani, saa ya kula, na kama nyumba ina friji ya kutosha. Chupa za karamu huletwa alasiri jua likiwa limepungua, ndani ya boksi la barafu. Kila chupa ina stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ikague kabla ya kulipa. Hatumuuzii aliye chini ya miaka 18, wala hatumkabidhi mtoto aliyetumwa kupokea mzigo mlangoni.