Kabla ya kulipia uzamili wa kompyuta, mtafute msimamizi

Mhariri,

Vijana wa Malindi wanaotaka kusomea uzamili wa sayansi ya kompyuta katika vyuo vya umma huanza kwa kuuliza ada na jina la chuo. Nawasihi watangulize swali jingine: nani atasimamia tasnifu yangu?

Uzamili wa kawaida nchini ni wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni masomo ya darasani na mitihani, na wengi huuvuka. Wa pili ni wa utafiti, na hapo ndipo watu hukwama hadi mwaka wa tatu au wa nne, huku wakiendelea kudaiwa ada. Mara nyingi chanzo ni mada isiyo na mwenyewe idarani: mwanafunzi anaandika pendekezo kuhusu akili unde (AI), anapangiwa msimamizi aliyebobea katika mitandao ya kompyuta, na rasimu inalala miezi bila kusomwa.

Kwa hivyo fungua tovuti ya idara uhesabu walimu wenye PhD ya kompyuta hasa. Watafute kwenye Google Scholar, tovuti ya kutafutia makala za kitaaluma, usome makala yao mawili matatu ya karibuni. Ukimpata anayeshughulikia unachokitaka, mwandikie barua pepe fupi: digrii yako, makala uliyoyasoma, unachotaka kutafiti. Muulize pia anasimamia wangapi sasa. Asipojibu hata ukimkumbusha, mtafute mwingine kabla hujalipa ada ya maombi.

Halafu hakikisha kwamba kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Soma orodha ya masomo pia. Sayansi ya kompyuta huwa na algoriti (hatua za kutatua tatizo), nadharia ya ukokotoaji (kompyuta inaweza kukokotoa nini) na hesabu za kutosha. Teknolojia ya habari huelemea usimamizi wa mifumo. Mwenye digrii ya teknolojia ya habari aulize mapema iwapo atatakiwa kusoma masomo ya kujazia mapengo ya digrii yake, maana hayo huongeza muda na pesa.

Ratiba nayo ina uzito wake kwetu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka hapa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, mara mbili ya mwendo huo. Darasa la Tudor likitoka saa mbili usiku, anayelala Malindi atafika nyumbani karibu saa tano, na kesho kazi inamngoja. Uliza kama wana masomo ya wikendi au ya wakati wa likizo.

Upande wa ada, omba hesabu ya miaka yote miwili kwa maandishi, na uulize muhula wa ziada unatozwa kiasi gani. Tia humo gharama za kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na za kuchapisha makala ukidaiwa kufanya hivyo. Jihadhari na majarida yanayopokea pesa na kukubali makala kwa siku chache. Chuo kinaweza kuyakataa. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha wanafunzi wa uzamili pia.

Wapo wanaotazama masomo ya mtandaoni. Georgia Tech, chuo cha umma cha Marekani, kimekuwa na uzamili wa namna hiyo tangu 2014: kozi kumi, bila viza, kwa ada ndogo kuliko ya darasani. Unamfaa aliye kazini, mradi awe na intaneti ya akiba stima ikipotea katikati ya mtihani. Ila unaweza kuumaliza bila tasnifu, kwa hivyo anayenuia PhD au kufundisha chuoni aulize kwanza kama utatosha.

Nawaomba wakuu wa idara za kompyuta wachapishe kwenye tovuti zao, kila muhula, majina ya wasimamizi wenye nafasi na mada zao, pamoja na idadi ya waliosajiliwa na waliohitimu kwa wakati.

Mkufunzi wa kompyuta,
Shella, Malindi